Ile Karatasi Nyekundu Uliyofunga Kwenye Usukani wa Ndege Yangu

Kinoo,
Jumatano.

Kwa Mhandisi Bramwel Were, mkaguzi wa ndege, ambaye kwa bahati mbaya pia amemwoa binti yangu Jackie.

Mkwe wangu mheshimiwa,

Pokea salamu. Sisi huku tu wazima wote isipokuwa ndege yangu, ambayo juzi uliikuta nzima ukaiacha mgonjwa. Umeifunga usukani kwa karatasi nyekundu, "ISIRUKE", eti kwa sababu nimefungua mwenyewe pampu ya mkono, ile ya kushushia magurudumu mota ya umeme ikikataa. Na Jumamosi natakiwa kutua Kakamega kwa baba yako, nikiwa na Jackie na mtoto. Mzee Were ameshatangaza kanisani! Kwa hivyo nalalamika, kwa adabu, kama ifuatavyo:

1. Mila. Mkwe hamkosoi baba mkwe, na wewe unalijua hilo, ndiyo maana hukunikosoa usoni. Ulinisalimia kwa mikono miwili, ukauliza ng'ombe wanaendeleaje, kisha ukapita nyuma yangu ukafunga karatasi. Kwetu hilo ni kosa la beberu mmoja, na asiwe amekonda kama yule uliyeleta wakati wa mahari.

2. Miaka kumi na moja mota haijakataa hata siku moja. Yaani unanizuia kwa sababu ya kitu ambacho hakina kazi. Kwa sheria hiyo maofisi ya Upper Hill yangefungwa yote kufikia saa nne asubuhi, na wakubwa wengine wavalishwe karatasi shingoni.

3. Kitabu chako cha sheria kinasema mwenye ndege anaruhusiwa kuangalia mafuta ya pampu, kuyaongeza, na kupanguza vumbi. Kufungua, hapana. Hata mke wangu Wanjira, na ukali wake unaujua, huniruhusu kufunua sufuria.

4. Ule mpira wa ndani ya pampu, wa kuzuia mafuta yasivuje. Ndiyo, niliukata kwenye gambuti ya mama mkwe wako, buti lake la mvua. Gambuti hiyo hiyo ndiyo iliyotengeneza pampu yangu ya kisima, na wapangaji kumi na wanane wanaoga kila siku. Ulinung'unika kwamba maji si mafuta. Sijasikia mpangaji akinung'unika. Tena tuliinua ndege kwa jeki mbele yako, nikaipiga pampu kwa mkono mara thelathini, magurudumu yakashuka. Wewe badala ya kunipigia makofi ukainama kutazama mafuta yaliyomwagika chini. Mwanangu, kila kitu cha umri ule huchuruzika. Mimi mwenyewe siku hizi nachuruzika, na hakuna aliyenifunga karatasi.

5. Leseni ya urubani niliipata nikiwa na miaka hamsini na nane, wenzangu walipokuwa wanapata kisukari. Mtu kama huyo hatishwi na mpira.

Basi naomba uitoe karatasi hiyo kabla ya Ijumaa, na uandike kwenye kitabu cha ndege yangu, kwa mwandiko wako mzuri, "Pampu imetengenezwa vizuri sana na mwenyewe." Kisha unikabidhi zile ndege nyingine tatu mlizo nazo hangani, nizipitie pampu zake. Gambuti ya pili bado ipo.

Ukikataa, nitasimama mbele ya kwaya ya baba yako niseme kwamba ni mwanawe wa kumzaa aliyemzuia mjukuu kushuka kutoka mbinguni.

Nisalimie majirani wote wa hapo Kileleshwa, hata yule wa ghorofa ya tatu anayejifanya hanijui. Mama mkwe wako anakusalimu sana. Habari ya gambuti bado hajaipata, na isitoke kwako.

Ni mimi, niliyejeruhiwa na ukwe,
Zedekiah Wachira,
Mwenye Ndege.

N.B. Jackie amenipigia simu sasa hivi kuuliza Jumamosi yeye na mtoto wawe uwanjani saa ngapi. Nimejikuta namwambia wasije, waende na wewe kwa gari. Akauliza kwa nini. Nikasema simu inaisha moto. Karatasi iache hapo hapo ilipo, na mniwekee nafasi garini, kiti cha mbele, maana magoti yangu hayataki kukunjwa mpaka Kakamega.