Ruta Inayokalia Kiti Bila Kukabidhiwa

Methuselah Oduori,
Chumba cha Waya,
Tumaini Mpakani, Mawakala wa Forodha,
Malaba.

3 Juni

Kwa Meneja, Bi. Hadijah Mujib,
Ofisi ya mbele, jengo hilohilo.

Bi. Meneja, kwa heshima zote,

MINT: OMBI LA KURUDISHIWA KAZI ILIYOCHUKULIWA NA KISANDUKU

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, wewe na jamaa zako. Mimi pia ni mzima wa mwili. Ni roho tu ambayo haijatulia, na sababu yake naieleza hapa chini kwa mpangilio, isije ikasemwa baadaye kwamba mzee alilalamika ovyo.

Kama unavyojua, kwa miaka tisa nimekuwa msimamizi wa ruta mbili za kampuni hii, yaani vile visanduku vya kuleta mtandao, ile ya kwanza inayotumia waya wa nguzoni na ile ya pili inayotumia mnara wa simu. Mtandao ulipokatika, makarani wakashindwa kutuma hati na malori yakajipanga barabarani, mimi niliinuka. Nilichomoa waya wa manjano kwenye ruta ya kwanza, nikauchomeka kwenye ya pili, nikangoja taa iwe ya kijani, kisha nikatoka hadi mlangoni na kutangaza, "Imerudi!" Madereva walipiga makofi. Dereva mmoja wa Tororo, ambaye dakika chache kabla alikuwa akilia "Banange, mzee, gari yangu italala hapa!", aliwahi kunibeba mabegani hadi kwenye geti.

Mwezi wa pili mwaka huu wewe ulimleta fundi, Dada Sharlyne Emukule, akaziunganisha ruta hizo ili moja ikifa nyingine ishike kazi yenyewe. Aliponikuta nimeshika waya wangu aliniambia, "Mzee, hizi sasa zinaongeleshana zenyewe. Hii ikilala, ile inashika. Wewe relax tu, kunywa chai." Nikanywa chai. Wiki iliyopita nimepata habari kwamba chumba changu kitakuwa stoo ya makaratasi, na kwamba mwisho wa mwezi huu kazi yangu itakoma. Ndipo nikachukua kalamu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ruta hizi hazina adabu ya msiba. Dada Sharlyne alinieleza kwamba kila sekunde ruta ya kwanza huitumia ya pili salamu ya kusema iko hai. Salamu tatu zikikosekana, ya pili inakalia kiti. Sekunde tatu, Bi. Meneja! Kwetu Butula mtu akinyamaza, kwanza tunamuuliza ana shida gani. Akiwa amekufa kweli, tunalia, tunazika, na siku ya tatu baada ya kuzika tunanyolewa nywele, ndipo wazee wanakaa kusema nani atashika boma. Hiki kisanduku hakikungoja hata mwili upoe.

2. Zinatumia jina la mtu asiyekuwepo. Kila kompyuta ya ofisi hii imeagizwa itoke nje kupitia anwani moja, ambayo si ya ruta ya kwanza wala si ya ruta ya pili. Ni anwani ya tatu isiyo na mwili, na ruta yoyote iliyo zamuni inaivaa kama koti. Nauliza kwa upole, je, hapa si mpakani? Shemeji yangu Etyang, ambaye nyumba yake iko Kenya na choo chake kiko Uganda, huulizwa kitambulisho akienda na huulizwa tena akirudi. Sisi tunaopeleka hati za watu forodhani tunawezaje kufuga lango la mtandao ambalo wawili wanalishika kwa zamu kwa jina la mwingine, na hakuna anayeuliza leo ni nani?

3. Hazikabidhiani. Mimi nilikuwa na kitabu: tarehe, saa, chanzo cha kukatika, sahihi yangu. Ruta hazina kitabu. Ile ya kwanza ikifufuka, inaiondoa ya pili palepale bila hata asante, kwa sababu fundi ameiandikia namba mia moja na hamsini na ile ya pili akaiandikia mia moja, na mwenye namba kubwa ndiye mkubwa. Ruta ya pili siipendi, lakini ilivyoondolewa Jumanne moja ya Machi waya wa nguzoni uliporudi, hata mimi niliionea huruma.

4. Hakuna anayejua lililotokea, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Mwezi huohuo wa Machi trekta iligonga nguzo, waya ukakatika siku mbili nzima, na ofisi yote haikujua. Makarani waliendelea kuandika. Malori yaliendelea kuvuka. Nilikwenda mlangoni nikatangaza, "Imerudi!", kwa mazoea tu, na dereva mmoja akaniuliza, "Nini?" Selpha wa mapokezi, ambaye zamani mtandao ukikatika aliniletea chai na mandazi mawili akisema, "Mzee Methu, tuokoe," sasa hupita mlangoni kwangu na sahani hiyohiyo akiipeleka kwingine. Kwa hesabu yangu, kuanzia Februari hadi Pasaka jina langu lilitajwa mara nne, na mara tatu kati ya hizo ilikuwa ni kuulizia ufunguo wa choo. Mtandao ulipokuwa ukikatika, Bi. Meneja, mimi nilikuwa mtu. Naona haya kuliandika hilo, lakini ni kweli.

5. Jambo hili limefika hadi nyumbani. Nilimweleza mke wangu Perez jinsi ruta hizo zinavyofanya kazi, nikitarajia anionee uchungu. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, kisha akauliza kama kuna za matumizi ya nyumbani.

6. Nawe pia hujasalimika. Kesho utakuwa na mkutano Busia, utachelewa kujibu salamu tatu, na utakaporudi utakuta mtu ameketi kwenye kiti chako akiwapa makarani ruhusa, nao wakimwita Bi. Hadijah. Baada ya hapo atafuata chifu, na baada ya chifu sijui tutamzika nani na nani atakuwa amebaki hai.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, sekunde tatu ziongezwe ziwe dakika arobaini, ambao ndio muda niliokuwa nikitumia mimi nikiwa na haraka. Pili, ruta ya pili isishike kazi kabla sijaweka sahihi. Tatu, kwa kuwa mambo haya yanaenda kwa namba, nami niandikiwe namba yangu. Nadhani mia mbili inatosha.

Najua utasema kampuni haiwezi kusimama kwa sababu ya mzee mmoja. Lakini mimi nashikilia kwamba kazi ni mtu. Mtu akiondoka, ni lazima pengo lionekane, watu waulize yuko wapi, mmoja wao akose hata usingizi kidogo. Kubadilishana watu kimyakimya, kazi ikaendelea kama kawaida, ni kuwadanganya wote wanaoitegemea. Mimi sijawahi kuidanganya kampuni hii. Kwa miaka tisa kiti changu hakijakaa wazi hata siku moja.

Nisalimie makarani wote, Selpha na mandazi yake, Mzee Ayub wa getini, na madereva wa pande zote mbili. Dada Sharlyne pia msalimie, mwambie sina kinyongo naye, kinyongo changu ni kwa vile visanduku.

Ni mimi, ambaye bado nangoja taa iwe ya kijani,

Methuselah Oduori,
Msimamizi wa Waya.

N.B. Usishangae ukiona bahasha ina udongo wa Butula. Nilikuja huku kwa matanga ya mjomba, na baada ya matanga mahindi yakahitaji palizi, kwa hiyo hii ni wiki ya tano. Lakini usiwe na wasiwasi, kazi haijalala. Nilimweka binamu yangu Callistus, ambaye tunafanana kidogo masikioni. Anavaa koti langu la bluu na anaitika jina langu. Ananiambia hakuna aliyegundua, na kwamba Jumatatu wewe mwenyewe ulipita mlangoni ukamwambia, "Mzee Methu, siku hizi naona umechangamka." Kwa hiyo ukijibu barua hii, nakuomba sana usimpe huyo aliyeketi pale. Ataipokea vizuri, atatia sahihi, na mimi sitajua.