Ukwaju wa Posa ya Dada

Leo sina uso wa kutokea nje. Nimejifungia chumbani naandika, na nyinyi ndio wa kwanza kujua. (Nivumilieni. Mimi na kuandika ni kama kobe na mlima.)

Tulikuwa na wageni kutoka Marafa. Wamekuja kumposa dada yangu Mariamu. Kijana mwenyewe ni mpole, hana neno. Wa kuogopwa ni shangazi yake, Bi Zuhura. Sifa zake zilifika Malindi kabla yake. Inasemekana kuna nyumba chai ilinuka moshi, akatafuta viatu vyake, posa ikafia hapo hapo. Dada tangu juzi hagusi chakula.

Mama alikuwa uani na biriani. Akaniita. "Wewe tengeneza maji ya ukwaju. Yawe matamu, yawe baridi. Hiyo tu."

Hiyo tu.

Ukwaju ulishakamuliwa na kuchujwa. Kilichobaki ni sukari guru na barafu. Nikaanza na barafu (akili yangu hiyo), jagi likapoa mpaka likatoka jasho. Kisha nikashika sukari guru. Ni ya kutwanga, najua. Lakini jikoni kwetu na sebuleni kunatenganishwa na pazia tu, na wazee ndio kwanza wameinua mikono kuomba dua. Nitwange vipi? Nikaviona akilini vichwa vyote vikigeuka. Haya ikanishika. Nikayatumbukiza mabonge mazima mazima. Nikachukua kijiko nikoroge. Kikagonga jagi, kli. Mtu akakohoa upande wa pili. Nikakiweka chini.

Nikajiambia, sukari ni sukari, itajua yenyewe pa kwenda.

Dua ikaisha, nikaingia. Nikawaamkia wote kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia. Glasi ya kwanza kwa Bi Zuhura. Akanywa funda moja. Jicho la kushoto likajifumba. Akaiweka glasi chini taratibu. Mjomba wao akanywa, akasema "Alhamdulillahi," lakini kama mtu aliyenusurika ajali.

Mimi bado sijaelewa. Nikafika kwa babu yao, kanzu nyeupe, pasi imelala sawasawa. Jagi likagoma. Nikaliinamisha. Matone mawili. Nikaliinamisha zaidi, nikalitikisa kidogo. Bonge lililokuwa limeziba mdomo likachomoka, na nusu ya ukwaju ikalifuata. Kanzu ikawa ya kahawia kifuani hadi magotini. Bonge lenyewe likatulia mapajani mwa babu, kona zake zote zipo.

Babu akaliokota. Akalitazama. Akalilamba.

"Kumbe utamu mmeuweka akiba," akasema.

Hakuna aliyecheka. Chumbani nikamsikia dada akivuta kamasi. Bi Zuhura akasimama. Nikajua ndiyo basi, viatu vile.

Hakwenda mlangoni. Alikwenda jikoni. Mgeni wa posa, jikoni kwetu! Mama akaja mbio, mikono imejaa mchele. "Bi Zuhura, tafadhali kaa, utatutia aibu."

"Aibu tushainywa, mwenzangu. Nipe kinu."

Akajifunga kanga kiunoni. Akayatoa jagini mabonge yaliyobaki, akayatwanga, tu, tu, tu, nyumba nzima ikasikia na hakuna aliyekufa. Ukwaju uliobaki akachota kidogo, akautia sufuriani juu ya moto, akamwagia ile sukari iliyokuwa unga sasa, akakoroga na mwiko. Ikapotea mbele ya macho yangu. Kisha akarudisha jagini, akaongeza maji. Barafu ikaja mwisho. Mkono wake hauna haraka wala hausitisiti. Nimesimama mdomo wazi, ningeweza kumtazama mpaka magharibi.

"Mbona hukutwanga?" akaniuliza.

"Niliona haya, shangazi. Mlikuwa kwenye dua."

"Na kukoroga?"

"Haya hiyo hiyo."

Akanitazama. "Basi wewe na sukari guru ni ndugu. Bonge zima, kwenye baridi, hakuna wa kuligusa, litajificha chini mpaka kesho. Lipondwe, lipate moto, likorogwe, linatoka lenyewe." Akanipa jagi. "Haya, nenda. Na salamu yako safari hii isikike."

"Shikamooni," nikasema. Ilisikika hadi kwa jirani.

Babu (sasa kwenye kanzu ya baba, inamkomea kwenye magoti) alikunywa glasi tatu. Kisha Bi Zuhura akatoa neno lake. "Nyumba ambayo kijana anaona haya kugonga kijiko kwenye dua, binti yao hatatupigia kelele. Sisi tumeridhika."

Dada amelia tena. Kilio cha furaha hiki.

Mnaonijua, msinicheke mkikutana nami njiani. Maji ya ukwaju ya harusi nimepangiwa mimi, kwa amri ya Bi Zuhura. Kinu nimeshakiosha. Babu ameniletea ujumbe kwamba atakuja na kanzu ya kahawia.