Ombi la Kurudishiwa Mume Wangu Mkali

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu zangu, na nakuomba uzipokee ukiwa umekaa, maana ninayokuletea si mepesi. Mimi ni msomaji wa gazeti lako wa siku nyingi, na kwa kazi ni mshoni. Mume wangu anakata vitambaa, mimi nashona, katika chumba kimoja chenye cherehani mbili na kioo kilichopasuka pembeni. Wateja wananiita Mama Pindo. Naandika kuhusu ule ukurasa wenu wa kila wiki unaowafundisha watu kuishi kama wazee wa hekima wa Ugiriki ya kale. Kwa heshima zote, naomba ukurasa huo ufungwe na nirudishiwe mume wangu kama alivyokuwa. Sababu zangu ni hizi:

1. Tulikuwa tunagombana vizuri. Usicheke, Ndugu Mhariri. Kwa miaka kumi na tisa kazi yetu imeendeshwa kwa ugomvi. Yeye akikata, mimi namwambia kiuno amekibana. Anapandisha mori, anatupa chaki mezani, anapima upya ili anikomeshe, na katika kupima upya ndipo kosa linapoonekana. Suruali zetu zilisifiwa mtaa mzima. Sasa nikimwambia amekosea, anatabasamu, anasema maneno yangu hayako ndani ya uwezo wake, na anaendelea kukata. Wiki iliyopita tumetoa suruali ambayo mguu mmoja umeuzidi mwenzake kwa vidole vitatu.

2. Mwenye suruali hiyo, mwalimu mkuu wa shule ya jirani, alikuja na hasira za haki kabisa. Badala ya kumwomba radhi, mume wangu alimkalisha kwenye benchi akamuuliza suruali ni nini. Mwalimu akajibu. Akaulizwa tena kama suruali ikiwa fupi inaacha kuwa suruali, na kama urefu ni jambo jema au ni mazoea ya macho tu. Waliendelea hivyo mpaka chai niliyowawekea ikapoa, na mzee wa watu akaondoka na suruali yake vilevile, akishukuru. Mimi nilikuwa nimejiinamia nyuma ya cherehani kwa aibu.

3. Kila asubuhi, kwa mujibu wa somo lenu la tatu, anakaa kitandani, anafumba macho na kufikiria mabaya yote yanayoweza kutokea siku hiyo, ili yasimshtue. Hilo ningelivumilia kama angefikiria kimya. Anayataja. Moto, mafuriko, sindano kuingia kidoleni, mimi kufa. Ninakufa kila siku kabla ya chai, Ndugu Mhariri, kisha naambiwa nikaiandae.

4. Somo la nne linasema mtu ajitazame kutoka juu mawinguni aone udogo wa shida zake. Haya. Akaja bibi harusi kujaribu gauni, zipu ikagoma. Mume wangu akamweleza, kwa upole mwingi, kwamba kutoka huko juu zipu haionekani, na harusi yenyewe haionekani. Binti akaangua kilio. Nilimbembeleza mimi, zipu nikaibadilisha mimi, na nilipokuwa nafumua uzi nikaanza kujiuliza kama kutoka huko juu mke naye anaonekana.

5. Hili ndilo linalonikata maini. Jumapili nilimjaribu. Nilifunga begi, nikamwambia nakwenda kwa dada yangu na sijui nitarudi lini. Mume wangu wa zamani angeziba mlango kwa mwili wake, angenipokonya begi, na majirani wangetoka kutuamua. Huyu wenu alinibebea begi mpaka barabarani. Akaniambia, na nanukuu: "Mke wangu, ulikuwa wa kuazimwa. Nakurudisha kwa shukrani."

Kuazimwa! Mimi si mkasi. Leo ni siku ya nne niko kwa dada yangu, na hata simu hajapiga. Dada ananiambia nijikaze, nami najikaza mpaka wakati wa kuosha vyombo, ndipo machozi yanapotoka. Nampenda yule mwanamume, Ndugu Mhariri, nimempenda na kelele zake zote. Sasa kama hatikisiki na chochote, nitajuaje kuwa naye ananipenda?

Kwa hiyo, pamoja na kuufunga ukurasa, naomba mchapishe masahihisho, kama mnavyofanya mkikosea jina la mkubwa, mseme kwamba kuhusu wake za watu, wazee wale wa Ugiriki waliteleza. Pia mwandishi wa masomo haya afike hapa kwa dada akiwa na mkewe, kama bado anaye. Yeye hatutamhitaji sana, tunataka kumsikiliza mkewe.

Nakutakia kazi njema. Nisalimie wenzako wote wa chumba cha habari, wapiga chapa, na yule anayechora vibonzo, mwambie ananichekesha hata katika hali hii. Dada naye anawasalimu.

Wako kwa heshima na uchungu,
Mama Pindo
(kwa sasa sina cherehani)

N.B. Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena. Mume wangu yuko nje hapa sasa hivi. Amekuja kwa miguu, shati amelivaa nje ndani, anaugonga mlango wa dada kwa ngumi mbili na kufoka kwamba siku nne ni nyingi, kwamba amekata mashati matatu na yote yana mikono miwili ya kushoto, na hakuna hata mtu mmoja wa kumwambia amekosea. Sasa analia. Majirani wote wametoka. Tafadhali usiufunge ukurasa, Ndugu Mhariri, na kama mna somo lolote la kumtuliza mtu haraka, nitumie mimi, maana nimesimama mlangoni na ufunguo nauzungusha upande usio wake.