Kochi la Nahodha

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Hasira! Nimerudi nyumbani nimevimba kama andazi. Msimamizi wetu wa karakana ya makochi anastaafu mwisho wa mwezi. Badala ya Mama Bosi kunikabidhi funguo papo hapo, mimi niliyemkatia vitambaa tangu karakana haina hata mlango wa maana, kaja na mtihani. Eti Jumamosi karakana nzima itakwenda matembezi ya kutwa kwenye ule mji wa bandari wenye vilima. Atakayeipanga safari vizuri ndiye msimamizi mpya. Mtihani! Mimi!

Na nani kanyoosha mkono sambamba na mimi? Shemeji! Kaka wa mke wangu, niliyemwombea kazi kwa mdomo wangu mwenyewe, akakalishwa kwenye cherehani bado anajichoma sindano. Kanyoosha mkono huku anatabasamu. Hana haya hata ya dawa.

Nilipofika nyumbani nilipigilia msumari kando ya mlango. Wa kutundikia funguo za karakana. Mke wangu akauliza wa nini. Nikamwambia ataona ni wa nini. Akasema kama ni wa funguo, ningesubiri nipewe kwanza. Ukoo mzima ndio hawa.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Shemeji katoa mpango wake mbele ya watu. Tushuke kituo cha juu, anasema, kilichopo kilimani. Halafu tuteremke mdogo mdogo mpaka bandarini, tule ufukweni, jioni tupande treni kituo cha chini. Mama Bosi, mwenye goti bovu na mkongojo wake, akaitikia kwa kichwa kwa furaha. Damu ikanichemka.

Nikasimama. Sikuwa na mpango wowote, nakiri hapa pekee. Nikachukua wa Shemeji nikaupindua. Tushuke bandarini, nikasema, tuone meli kwanza watu wakiwa na nguvu, halafu tupande taratibu tukipunga upepo. Mama Bosi akauliza habari ya goti. Nikamwambia vile vilima watu wanavitia chumvi, ni vichuguu tu. Sijawahi kufika. Na Shemeji naye hajawahi, kwa hiyo tumetoka sare.

Halafu nikatoa silaha. Kochi jekundu la nahodha mstaafu limekaa stoo likingoja usafiri, na nahodha anaishi mji huohuo. Tulipakie kwenye behewa la mizigo, twende nalo, tumfikishie mlangoni. Matembezi na kazi kwa mkupuo mmoja! Shemeji akauliza tangu lini watu wakaenda kutembea na kochi. Karakana nzima ikacheka. Mama Bosi hakucheka. Alikuwa ananitazama kama mtu anayefikiria funguo.

Mpango wangu umepita. Shemeji kanipa mkono wa hongera. Mnafiki!

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Nimenunua ramani. Nimeitandaza kwenye meza ya kukatia, nikaibana pembe kwa mikasi, nikaipima kwa futi. Kutoka kituo cha bandarini hadi kwa nahodha ni urefu wa kidole changu cha kati. Nikapiga hesabu. Ni kama kutoka hapa karakana mpaka sokoni! Kochi tutalibeba huku tunapiga soga.

Shemeji akaja kuchungulia, hakuitwa. Akaweka kidole kwenye vile vistari vyembamba vilivyosongamana katikati ya ramani, akaniuliza kama nimeviona. Akasema vinamkumbusha marinda. Pazia la marinda, akasema, ukilipima kwa mbele unapata dirisha, lakini ukilinyoosha unapata kitambaa mara mbili. Huenda na huo mji umekunjwa vilevile.

Ananifundisha marinda! Mimi! Nikamwambia hivyo vistari ni mapambo ya mchapaji, na kwamba kitambaa kikilala mezani kimelala. Akarudi kwenye cherehani yake akipiga mluzi. Hakuna kinachonikata maini kama mtu anayepiga mluzi.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nahodha kapiga simu karakana, nikaiwahi. Sauti nzito, ya mtu aliyezoea kupigia kelele mawimbi. Akaanza kunieleza njia, eti tusije tukashuka kituo cha... Nikamkatiza. Nikamwambia mzee wangu tulia, njia naijua kama kiganja changu. Akasema haya, mwanangu. Nikakata.

Nimewatangazia wote wavae viatu vizuri, maana tutapiga picha na meli.

Usiku huu mke wangu anapiga pasi. Shati la kaka yake kwanza. Langu bado limejikunja kwenye kapu. Nimelitazama lile shati lake mpaka macho yameniuma.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Sina mgongo. Ninaandika nimelala kifudifudi.

Tulishuka bandarini. Meli zilikuwepo, picha zikapigwa, Mama Bosi akacheka. Nikajiona nimeshapita. Nikamwuliza mchukuzi mmoja mtaa wa nahodha uko wapi. Nilitegemea aelekeze mkono mbele. Akauelekeza juu. Juu kabisa, kama mtu anayeonyesha ndege.

Ngazi! Mtaa mzima ni ngazi. Nyumba zimekaa juu ya vichwa vya nyumba nyingine, nguo zimeanikwa toka dirisha hadi dirisha, na paka wanakutazama kwa dharau. Nikasema ndiyo mazoezi hayo. Mimi na mpiga vanishi tukashika mbele, Shemeji na mgonga mbao wakashika nyuma. Haikupita muda, mpiga vanishi akaanza kulia kwamba viatu vipya vinamtafuna, na akamtaja aliyeamuru viatu vizuri. Kwenye kona tukakwama. Kochi halipindi, ukuta hausogei. Mama mmoja dirishani akawaita watoto wake waje waone.

Hapo goti la Mama Bosi likagoma. Akakaa kwenye kochi palepale katikati ya ngazi, mkongojo mapajani, akasema haendi juu wala harudi chini. Nikatoa wazo kwamba tumbebe humohumo, akiwa amekaa. Akanitazama. Ninaomba nisitazamwe hivyo tena.

Shemeji akapanda ngazi mbilimbili akaongea na yule mama wa dirishani. Akarudi, akamshika Mama Bosi mkono, akamteremsha pole pole hadi kituoni, wakapanda treni. Nikafurahi! Nikajua kakimbia kazi, na Mama Bosi kaona mwenyewe.

Tuliobaki tukalisimamisha kochi wima likapita kona, tukafika juu tumeiva. Nahodha alikuwa barazani. Kando yake Mama Bosi na Shemeji, wanakunywa chai. Na mbele ya baraza, upande wa pili wa barabara, umbali wa kurusha kofia, kituo cha juu cha treni.

Nahodha akasema ndicho alichotaka kuniambia kwenye simu. Mama Bosi akauliza simu gani. Nikasema jua lilikuwa kali.

Halafu wakafanya nini? Wakateremka wote, mdogo mdogo, wakala ufukweni, mpango wa Shemeji herufi kwa herufi! Mimi mgongo ulikataa. Nikataka kujinyoosha kwenye kochi, nahodha akasema samahani, mwanangu, lakini una jasho. Nikalala sakafuni. Kochi nililolibeba mimi likiwa limekaa pale linanitazama.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Mke wangu kanikanda mgongo kwa mafuta. Anakanda kama ananidai. Nikamwambia kosa ni la mchapaji wa ramani. Akasema kumbe. Nikamwambia na mpiga vanishi alibeba ovyo. Akasema kumbe. Akabonyeza mahali fulani nikapiga ukelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Sijapoteza tumaini. Kochi lilifika. Anayeangalia kwa haki ataona kwamba kochi lilifika.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Funguo kapewa Shemeji.

Sitaki kuandika zaidi, lakini nisipoandika nitapasuka. Mama Bosi alimtia zile funguo mkononi mbele yetu sote na watu wakapiga makofi. Mpiga vanishi alipiga kuliko wote, akiwa na kandambili. Mimi nilikuwa nakata kitambaa cha bluu. Nimekikata upogo.

Jioni Shemeji kaja kula kwetu. Akaniambia chini chini kwamba habari za ile simu kazizima, Mama Bosi hataziuliza tena, na kwamba angependa nimsaidie kupanga safari ya mwisho wa mwaka, maana tuko pamoja. Nilitaka kumtupia bakuli. Halafu akasimama kunawa, akageuka huku na huku akitafuta pa kuweka funguo. Mke wangu, bila hata kugeuza shingo, akamwonyesha msumari.

Msumari wangu! Zikaning'inia pale. Zikalia kila upepo ulipogusa mlango. Nilikula nimezipa kisogo na bado nilizisikia.

Lakini acha. Safari ya mwisho wa mwaka ni kisiwa cha katikati ya ziwa. Shemeji keshaanza na mambo yake, eti tuwaulize kwanza wenyeji msimu wa upepo. Mwoga! Mimi nimeshanunua ramani nyingine. Mwenye hoteli wa kule anangoja kabati lake kubwa la vioo, nami nimemwahidi kwamba tutamletea wenyewe, kwa mtumbwi. Nimeitandaza ramani mezani, nimepima kwa futi kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Ziwa lote ni bluu tupu, hakuna kistari hata kimoja. Nimeangalia mara mbili. Hakuna mawimbi.