Sikuondolewa, Lakini Sijasafishwa

Kwa Bi. Hyasinta,
Katibu, Umoja wa Wauza Viatu vya Mtumba,
Mchikichini.

Dada yangu Katibu,

Natumai hujambo na meza yako ya raba inakwenda vizuri. Mimi mwili mzima. Jina ndilo mgonjwa.

Jumanne mlinipigia kura ya kuniondoa uenyekiti, eti nilipenyeza mkono kwenye belo la umoja kabla hujakata kamba, nikachomoa kiatu. Walionikataa kumi na mmoja. Katiba yetu inataka kumi na wawili. Nikabaki, alhamdulillahi. Lakini nina malalamiko.

1. Kwenye muhtasari umeandika: "Mwenyekiti hakuondolewa, kura hazikutosha." Ndiyo kusafishwa huko? Nguo isiyotupwa si lazima iwe imefuliwa, Katibu!

2. Msikitini nikitokea tu, watu wazima na ndevu zao wanaingia na ndala kwenye mfuko. Ijumaa nimemwona hata muadhini. Jamani!

3. Mzee Abdulmajid, ambaye mwanawe anamposa binti yangu Swaumu, ameuliza kama sina kosa au nilinusurika tu. Anataka karatasi. Posa ni Jumamosi. Bila karatasi hawaji, na mtoto hali, halali. Hili limeniuma kweli, sikufichi.

Kwa hiyo naomba uandike, na muhuri ugonge: "Twaha hana kosa, hajawahi kuwa nalo, wala hatakuwa nalo." Wale kumi na mmoja watie sahihi. Walionitetea saba nao watie, akiwemo Bakili, aliyepitiwa na usingizi mkono ukiwa juu, na mimi mwenyewe, kwani kikaoni hakuna anayenijua kunishinda. Kisha isomwe kwa kipaza sauti Kariakoo nzima, na nakala ifike Posta, maana na huko nina wateja.

Wakikataa, tupige kura nyingine, ya kunisafisha. Ila safari hii kura moja itoshe, na nianze mimi.

Nisalimie shemeji, watoto, na Zahoro wa meza ya pili. Mwambie sina kinyongo, ingawa mkono wake niliuona.

Kaka yako, na bado Mwenyekiti wako,
Twaha Mbaruku

N.B. Mkimaliza kuchambua lile belo, kikionekana kiatu cha kushoto, ngozi ya kahawia, namba arobaini na mbili, niwekee tafadhali. Wakwe wanakuja Jumamosi, na cha kulia peke yake hakivaliki.