Vita vya Kivulini na Mlango wa Choo cha Wasichana

Zimeni pikipiki zenu, enyi bodaboda wa Somanda. Tueni mafurushi ya pamba, enyi akina mama wa Bariadi. Nanyi mnaocheza bao, acheni kete zilale, kwa maana nasimulia vita ambavyo redio haikuvitangaza wala mkoa haukuvitumia salamu za pongezi. Nasimulia jinsi kiti cha uenyekiti wa kamati ya shule yetu ya msingi kilivyotikiswa mchana kweupe, na jinsi shujaa mmoja, Ndaki mwana wa Mayige, Msomi wa Magazeti ya Kufungia Maandazi, Mpinga Mihtasari, Mtunza Kinyongo, alivyoingia vitani akiwa na kofia aliyoazima. Shujaa huyo ni mimi. Ningependa asimulie mwingine, lakini kila niliyemwomba alisema ana kazi.

Kifahamuni kwanza chanzo cha vita. Choo cha wasichana cha shule yetu kiliwahi kuwa na mlango, tena wa mninga. Ikafika siku ya kuzindua darasa jipya, mgeni rasmi akaja na msafara, meza zikapungua. Ndipo wanaume wenye akili wakaung'oa mlango ule, wakausugua kwa sabuni, wakautandika kitambaa cheupe, na juu yake wakaweka pilau. Mgeni akala, akashiba, akasifu ukarimu wa Wasukuma, akaondoka. Mlango nao ukaondoka, na tangu siku ile hakuna anayejua ulielekea wapi. Wenzangu wamesahau. Mimi namkumbuka aliyeshika upande wa bawaba, namkumbuka aliyeshika upande wa komeo, na namkumbuka aliyechukua nyama mbili. Ndiyo maana sialikwi kwenye harusi.

Mahali pa mlango likaning'inizwa gunia la pamba. Na upepo wa kwetu mnaujua, hauna adabu kwa gunia. Basi mjukuu wangu Kabula, wa darasa la sita, binti anayezigawanya sehemu kama anayemenya karanga, kila mchana hukimbia hadi nyumbani kwangu kwa haja ndogo, na akirudi shuleni hukuta hesabu za mchana zimekwisha kufutwa ubaoni. Wenzake ambao kwao ni mbali hujikaza tu mpaka kengele ya mwisho. Hilo ndilo lililonitoa nyumbani kwenda kugombea kiti. Mengine yote ni kelele zangu za kawaida.

Aliyekikalia kiti alikuwa Januarius, Bwana wa Mashine ya Kusaga, mwenye shati jeupe lisiloshika unga. Yeye aliahidi kuijengea shule geti lenye simba wawili wa saruji, mmoja kila upande, midomo wazi. Ningemchukia vizuri zaidi kama angekuwa mtu mbaya. Hanipi nafasi. Kila akiniona ananiuliza hali ya mbuzi wangu.

Tangazo lilisema mkutano ni saa tatu asubuhi, na kura ni ya mstari: mzazi asimame nyuma ya mgombea amtakaye. Hapo akili yangu ya kijemadari ikaamka. Nawajua watu wangu. Hawajapata kumpenda kiongozi kiasi cha kuungua jua kwa ajili yake. Basi jua lilipochomoza tu nilikuwa nimekwisha kuuteka upande wa magharibi wa jengo la madarasa, mahali ambapo kivuli kilitandaa kipana na baridi, nikauchomeka mkongojo wangu ardhini kama bendera. Januarius alipofika hakubakiwa na kitu ila upande wa mashariki, juani.

"Mwangaluka, mwenyekiti mstaafu!" nikamsalimu kwa sauti ya ushindi.

"Mwangaluka, ng'wana Mayige," akajibu, akijikinga macho. "Umewahi leo. Mbuzi hawajambo?"

"Majemadari huwahi. Mbuzi hawajambo."

Lakini tulikuwa tunamngoja Afisa Elimu Kata, Mama Martha, naye alikuwa kwenye mkutano mwingine ambao nao ulikuwa unamngoja mtu. Na hapa ndipo nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Mimi, niliyepiga kelele maisha yangu yote kwamba mikutano ya shule hii haijapata kuanza kwa wakati, nilipanga vita vyangu vyote kana kwamba huu ungeanza kwa wakati. Kivuli kikaanza kurudi nyuma. Kikafika magotini pangu, kikafika vidoleni, kikapanda ukuta kama mjusi, kikatoweka juu ya bati. Kisha, msaliti yule, kikateremka upande wa pili na kwenda kuketi na Januarius. Martha aliposhuka kwenye bodaboda akipangusa vumbi, watu walikuwa wameacha kuamkiana "mwangaluka" ya asubuhi, wanaitana "mwadila" ya mchana.

Tukahutubia. Januarius alisema maneno machache juu ya simba wake, watu wakapiga makofi. Nami nikasimama, nikavuta pumzi, nikaanza pale inapostahili kuanza, yaani kwenye magoli ya uwanja wa mpira yaliyogeuzwa kenchi za nyumba ya mtu ninayemjua, nikaendelea hadi kwa ng'ombe wa mchango aliyechinjwa kwa sherehe isiyofanyika, nikapita kwenye madawati, na kila dhuluma nikaipa haki yake ya kusikilizwa.

"Mzee, muda wako umekwisha," akasema Martha.

"Mheshimiwa, bado sijaifikia kengele iliyopotea!"

"Kengele itasubiri. Nenda kwenye nafasi yako."

Baada ya kengele ndipo ingefuata habari ya mlango. Sikuifikia.

Basi ikatoka amri ya kujipanga, na umma wote, kama kundi lililosikia maji, ukamiminika kivulini nyuma ya Januarius, mstari mrefu uliofuata ukuta wa madarasa mwanzo hadi mwisho. Upande wangu alikuja Sayi peke yake, jirani yangu. Nikamfungulia mikono.

"Karibu, simba wangu!"

"Nimekuja kukuuliza koleo langu utalirudisha lini," akasema Sayi, na alipokwisha kuuliza akaenda kivulini.

Nikazunguka jengo kutazama jeshi la adui, na humo, katikati ya mstari, nikamwona Milembe, mke wangu wa ndoa.

"Hata wewe, mama Shija?" nikanena kwa uchungu mkuu. "Hata wewe uliyekula ugali wa nyumba yangu?"

"Ugali naupika mimi," akasema. "Na mimi nina presha, baba Shija. Daktari hakuniambia nikufuate juani. Ukizitaka kura, zifuate ziliko."

Watu wakacheka. Lakini mimi, enyi wasikilizaji, nilisimama kama aliyepigwa na radi, kwa maana mke wangu alikuwa amenena mbinu ya vita.

Nikatembea taratibu, mkongojo mkononi, nikaupita mstari wote hadi mkiani kabisa, mahali kivuli kinapoishia. Pale nikasimama, nikawapa watu mgongo. Mstari ule ukawa na vichwa viwili. Mbele Januarius, nyuma Ndaki, na katikati wananchi. Na yeyote aliyetaka kuhama chama hakuhitaji kuondoka kivulini. Alihitaji kugeuka tu.

"Mheshimiwa!" Januarius akaita. "Huyu ameharibu foleni!"

Martha akafikiri, akafuta jasho. "Sheria inasema nyuma ya mgombea," akatamka. "Haisemi mgombea asimame wapi. Aendelee."

Sasa tazameni taabu ya shujaa aliyewapa mgongo watu wake mwenyewe. Sikuona kitu. Mbele ya macho yangu kulikuwa na choo cha wasichana, na lile gunia likipepea hadi juu, na binti mmoja amelikamata kwa mikono miwili ili mwenzake aliye ndani asionekane. Hotuba zote zikaniponyoka, magoli, ng'ombe, madawati na kengele. Nikapaza sauti moja tu:

"Mlango!"

Nyuma yangu kokoto zikalia chini ya kandambili. Mtu mmoja amegeuka. Halafu mwingine. Nikasikia sauti za kina mama, "Geuka na wewe, binti yako si yuko la saba?" na sauti ya mwanaume ikilalamika kwamba amekanyagwa. Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote nilizotoa, na ya kwanza kusikilizwa hadi mwisho.

Martha akahesabu migongo, akahesabu tena, akasema tumelingana. Aliyebaki alikuwa Nyanjige, muuza nyanya, mtoto mgongoni, amesimama ubavu kwa ubavu na ukuta, hatazami huku wala kule, anatafuna karanga.

"Mayu," nikamwita bila kugeuka, kama tumwitavyo mama yeyote kwetu, "taifa zima lakungoja."

"Habari ya mlango naisikia tangu mwanangu wa kwanza yuko la kwanza," akasema Nyanjige. "Lini?"

"Kamati itakapoketi, itaunda kamati ndogo, nayo..."

"Mimi nauliza lini, mzee."

Nikalitazama gunia. "Leo."

"Leo hiyo ya mikutano, au leo?"

"Leo, kabla ng'ombe hawajarudi zizini."

"Mlango upi?"

"Wa kwangu," nikasema. "Wa choo cha nyumbani kwangu."

"Baba Shija!" ikasikika sauti kutoka katikati ya mstari.

Lakini Nyanjige alikuwa amekwisha kugeuka.

Hivyo ndivyo dola la simba wa saruji lilivyoanguka, kwa kisigino cha muuza nyanya. Nami sikuapishwa wala kushangiliwa, maana Nyanjige alinifuata nyuma hadi nyumbani, akasimama akinitazama nikiung'oa mlango wangu. Januarius naye, ili aniudhi hadi mwisho, alikuja na bisibisi na bawaba mpya kutoka mashineni kwake, akaushika mlango upande wa chini tulipoufunga shuleni. Gunia nikalitwaa kuwa nyara za vita. Ndilo linaloning'inia kwangu sasa, na Milembe haongei nami kukiwa na upepo.

Kabula akawa wa kwanza kuingia. Komeo likalia. Wazazi waliobaki wakasogea, na mimi mwenyekiti mpya, kwa niaba ya kamati, nikanyoosha mkono nikagonga ili kuupima uimara wake.

"Kuna mtu!" ikatoka sauti ndani, kali, ya mwenye nyumba kwa mgeni asiye na adabu.

Vigelegele vikapaa hadi barabarani. Basi na iwe katika kumbukumbu za Bariadi kwamba Ndaki mwana wa Mayige, katika siku ya kwanza ya utawala wake, alifukuzwa mlangoni na mtoto wa darasa la sita, akaondoka akijikwaa kwa furaha.