Kuhusu Boya Lililotajwa Mbele ya Shangazi

Ndugu Mzazi Mwenzangu (kama bado),

Salamu nyingi kutoka kwangu mshona suti. Najua barua itakukuta kazini unanyoa watu, kwa hiyo tafadhali weka wembe chini kwanza. Nina malalamiko mazito juu ya kijana wako, fundi pampu, anayemposa binti yangu, na kwa kuwa sisi ni watu wa heshima nayaleta kwa kalamu kabla sijayaleta kwa mdomo.

Kama ujuavyo, nyumba yangu ipo bondeni na bomba kuu la majitaka limepita juu barabarani. Uchafu wa choo changu hauondoki kwa hiari yake, mpaka usukumwe. Kijana wako akajitolea kufunga pampu kwenye shimo la uani, nikamshukuru sana. Kumbe nilikuwa namkaribisha mtawala.

1. Amebandika sheria mlangoni mwa choo changu: kisiingie kitambaa, pamba, nepi wala mafuta ya kukaangia. Jamani, hii ni nyumba ya mshonaji! Vipande viende wapi? Juzi pampu ilikabwa, akaivuta juu kwa mnyororo, akachomoa kwa koleo kipande cha kitambaa cha kijivu, akakiinua mbele ya mteja niliyekuwa nimetoka kumweleza, kwa uchungu kabisa, kwamba kitambaa chake kilipungua. Mteja alikitambua. Pampu gani hiyo isiyojua kutunza siri za ndani?

2. Pampu imepewa njia yake yenyewe ya umeme, na kidude cha kuukata mara moja ukivuja. Nilipochomeka pasi yangu pale, akaichomoa kwa adabu zote, akasema umeme na maji havina utani. Kabla ya kufunua mfuniko, eti lazima swichi izimwe na mikono ivae glavu za mpira. Mimi baba mwenye nyumba nagombania soketi na redio, choo kina yake peke yake!

3. Amemkatalia shemeji yangu kuingia shimoni. Shemeji, kaka wa mama watoto, ni mtu wa kujitolea. Alishajifunga leso puani na kututolea methali kwamba mtaka cha uvunguni sharti ainame. Kijana wako akamjibu kuwa cha shimoni huvutwa kwa mnyororo ukiwa umesimama juu, na mwanadamu haingii hata mfuniko ukiwa wazi, hata harufu ikiwa imeisha. Eti hewa ya mle huua pua kwanza, ndipo immalize mwenye pua. Kisha akakaza boliti zote za mfuniko. Mgeni aliyekuja kuomba mke anamfungia mwenyeji shimo lake! Shemeji amenuna mpaka leo, na akinuna huwa anakula sana.

4. Sasa nafika penyewe. Siku ya posa, sebule imejaa, dada yangu mkubwa, ambaye ni shangazi wa bibi harusi na mdomo wa ukoo mzima, ameketi kiti cha mbele. Choo kikagoma. Kijana wako akatoka, akafunua, akachungulia, akarudi anajifuta mikono na kutangaza kuwa shida ni boya. Shangazi akauliza boya yupi. Akajibu, bila kupepesa macho, kwamba ni boya la zamani, limeegemea ukuta, halipandi wala halishuki, linazuia kila kitu, na dawa yake ni kuliondoa na kuweka jipya.

Mzazi mwenzangu, wakati huo nilikuwa nimeegemea ukuta.

Shangazi alinitazama kuanzia viatu. Mama watoto akajifanya anatafuta kijiko. Binti yangu mwenyewe, kitinda mimba wangu, alicheka mpaka akatoka nje. Nimeshona suti za mabwana harusi wa mtaa huu wote na hakuna aliyewahi kuniita boya, yaani bwege, mbele ya dada yangu. Iliniuma, sitaficha.

Nimeelezwa baadaye, na watu wenye nia njema, kwamba boya ni kidude cha plastiki kinachoelea mle shimoni: maji yakipanda kinapanda na kuwasha pampu, yakishuka kinaizima. Utetezi mzuri. Lakini plastiki haina shangazi. Aibu imebaki kwangu.

5. Kwa sababu hiyo nimepiga marufuku boya hilo lisiguswe. Kuliondoa ni kukiri hadharani kwamba nyumba hii ilikuwa na boya. Limekwama, na likwame. Pampu haiwaki, choo kimejaa, tunakwenda kwa jirani kwa zamu, na jirani ameanza kutuuliza tumekula nini. Heshima ina gharama zake.

Basi naomba: kwanza, mafundi wote wa pampu walibadilishie jina kidude hicho, kiitwe hata mheshimiwa. Pili, posa imesimama hadi itakapopatikana pampu isiyo na boya. Binti analia chumbani, lakini chozi la mwana hukauka, jina la baba halikauki.

Nisalimie mama wa kijana, wateja wako walio kwenye foleni, na hata kijana mwenyewe, ila umsalimie kwa ukali.

Ni mimi, mwenye uchungu na haki,
Mshona Suti wa Bondeni

Nyongeza: Nilikuwa natafuta gundi ya bahasha kengele ya shimo ilipolia. Ni ile aliyoifunga kijana, ya kuonya maji yakipanda mno. Majitaka yamefika kizingitini. Nikamwambia shemeji sasa ni zamu yako, akavua shati akaenda na spana. Binti yangu alikuwa ameshatangulia. Amekaa juu ya mfuniko, na gauni lake zuri, anasema hatoki. Anasema mjomba akianguka mle, baba atashuka kumtoa, na hatotoka mtu. Nimetaka kubisha nikashindwa, kwa sababu ni kweli ningeshuka.

Swichi nimezima. Mlete kijana upesi, aje na boya jipya na glavu zake, aje na wazee pia, posa imekubaliwa na tarehe apange yeye. Barua hii anakuletea shemeji mwenyewe. Tafadhali mnyoe taratibu, nywele na ndevu, umcheleweshe huko juu mpaka kijana amalize kazi.